Idd, Krismasi na ngoma ya muheme: kituo cha watoto kisherehekee nini?

Barua ya msomaji

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mlezi mkuu katika kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, pembezoni mwa Jiji la Dodoma, upande wa barabara iendayo Mtumba. Watoto wetu wana umri wa kati ya miaka miwili na mitano. Kabla Serikali haijahamia huku, wengi wao walitoka katika familia za Kigogo za mitaa ya jirani, pamoja na wachache wa Kirangi ambao wazazi wao walitoka Kondoa. Leo karibu nusu ya daftari ni watoto wa watumishi waliohamia kutoka Dar es Salaam na mikoa mingine, Waislamu na Wakristo wa madhehebu mbalimbali, na tunaye pia mtoto mmoja wa familia ya Kihindu yenye duka mjini.

Kila mwaka, kabla ya kufunga mwezi Desemba, kituo hufanya sherehe ya Krismasi. Safari iliyopita ilikuwa kubwa kuliko zote, kulikuwa na keki, spika za kukodi na mtu aliyevaa mavazi ya Baba Krismasi. Baada ya hapo baba mmoja Mwislamu aliandika katika kikundi cha wazazi cha WhatsApp kwamba mwanawe amerudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani, akauliza mbona Idd ilipita kituoni kimya kimya. Wazazi wengine walimjibu kwa maneno makali, naye akamhamisha mtoto.

Ili kutuliza mambo, mkurugenzi wetu alipendekeza tuache Krismasi, badala yake tufanye Siku ya Utamaduni tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ambapo kila mtoto angevaa vazi la kabila lake na tungealika kikundi cha ngoma, kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa kila mtoto. Hapo nako pakaibuka mengine. Mama mmoja mlokole hataki mwanawe asogelee ngoma za asili. Mama mwingine, Mgogo aliyeolewa na Mhaya, anauliza mtoto avae vazi la upande gani. Bibi mmoja wa hapa hapa, ambaye humleta mjukuu wake kila asubuhi, aliniambia kwa upole kwamba anashangaa mambo ya kwao kufanywa maonyesho ya siku moja huku wakiwa kwao. Mchango wenyewe, wengi hawajautoa.

Sasa mkurugenzi anasema tufute sherehe zote, tubaki na herufi na namba. Moyoni naona watoto watapoteza kitu, lakini sina hoja za kumweleza. Je, kufuta ni sahihi? Kama si sahihi, tuanzie wapi, na wazazi wanaokataa tuwatendee vipi?

Mlezi, Dodoma

Majibu

Marahaba, mwalimu.

Nianze na pendekezo la mkurugenzi wako, kwa sababu naelewa linakotoka: mtu aliyeamka asubuhi akakuta wazazi wa kituo chake wanatukanana katika simu yake hana hamu ya sherehe nyingine. Hata hivyo, kufuta sherehe hakutaifuta sikukuu yenyewe. Mtoto wa miaka minne atakuja Jumatatu akiwa na hina viganjani, mwenzake ataeleza kwamba nyumbani walichinja mbuzi, mwingine atauliza kwa nini mama wa rafiki yake anajifunika kichwa na mama yake hajifuniki. Maswali hayo yatajibiwa na mtu, na kama mlezi amekatazwa kuyagusa, watoto watajibiana wenyewe kwa walichosikia kwa wakubwa, pamoja na kejeli zilizomo. Zaidi ya hayo, kituo kinachosema hakisherehekei chochote hujikuta, Desemba ikifika, kinaimba nyimbo za Krismasi kwa mazoea tu, kwa hiyo malalamiko ya yule baba yangebaki palepale. Ukihitaji hoja ya kisheria ya kumpelekea mkurugenzi, ipo: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataja katika Ibara ya 31 haki ya mtoto ya kucheza na kushiriki katika maisha ya utamaduni. Sherehe za kituoni zina mahali pake katika malezi, mradi zifanywe kwa kipimo cha mtoto.

Ninavyoona mimi, kosa halikuwa kusherehekea Krismasi. Kosa lilikuwa kuifanya sherehe ya kituo kizima, ambamo kila mtoto alikuwa mshiriki bila familia yake kuulizwa. Katiba yetu, Ibara ya 19, imeyaacha mambo ya ibada na kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi, na kwa mtoto mdogo hiari hiyo hushikwa na wazazi wake. Kwa hiyo yule baba alikuwa na hoja, hata kama namna yake ya kuitoa iliwaudhi wengine. Ungeniuliza, ningekuambia umpigie simu hata sasa, wewe mwenyewe na si kupitia kikundi, si ili amrudishe mtoto bali umsikilize, kwa kuwa atakuambia mambo ambayo wazazi wengine wa Kiislamu waliobaki kituoni wanayanyamazia.

Mpaka ninaokushauri uuweke ni huu: kituo kinasimulia sikukuu, hakifanyi ibada ya sikukuu. Mtoto akieleza walivyoamka alfajiri, nguo mpya alizovaa, pilau aliyokula, babu aliyemtembelea na salamu walizopeana, hayo yote ni masimulizi, na watoto wengine wanaweza kusikiliza, kuonja na kuchora bila mtu yeyote kubadilishwa imani. Kuwaongoza watoto wote kuimba kwamba Mwokozi amezaliwa, kuwasomea dua waitikie, au kuwapanga waigize sala, hiyo ni ibada, na mahali pake ni nyumbani, msikitini na kanisani. Mtu mzima anaweza kuimba wimbo wa dini isiyo yake akajua moyoni kwamba anaimba tu, lakini mtoto wa miaka mitatu hana uwezo huo wa kutenganisha. Kinachoimbwa na mwalimu wake ndiyo kweli. Kama kituo chenu kingekuwa cha kanisa au cha taasisi ya Kiislamu, na wazazi wakakijua hivyo tangu siku ya kuandikisha, ningekujibu vingine. Ninyi mmefungua mlango kwa wote.

Kuhusu wakati, sikukuu kubwa za dini ni siku za mapumziko, watoto wako kwao, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Kazi ya kituo huanza wanaporudi. Kwa Idd utaratibu huu utakuondolea usumbufu mwingine pia, maana mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa takribani siku 11, sikukuu husogea kila mwaka na tarehe yenyewe husubiri mwezi uandame; mlezi aliyekwisha kupanga keki ya tarehe fulani anaweza kujikuta ameileta watu wakiwa bado wamefunga. Juma linalofuata sikukuu, tengeni asubuhi mbili au tatu. Mama mmoja aje na kanzu ndogo, kofia na sahani ya tende au kaimati, akae mkekani na watoto, aeleze kwa maneno yake mwenyewe. Krismasi nayo, kwa kuwa kituo kimefungwa, isimuliwe Januari mnapofungua, na mtoto wa Kikristo atakuwa na mengi ya kusema wakati huo kuliko kabla. Dakika 15 au 20 za mkao mmoja zinatosha kwa watoto wa miaka minne na mitano; wale wa miaka miwili waacheni waje na kuondoka.

Baba Krismasi mwachilieni mbali. Watoto wengi wa miaka miwili na mitatu huogopa mtu aliyefunikwa uso kwa ndevu za pamba, na kumlazimisha mtoto akae mapajani pake ili picha ipatikane ni kumfundisha kwamba woga wake hauna maana. Tena, mwalimu, mzee wa theluji katika jua la Dodoma!

Sasa nije kwa jambo ambalo nadhani ndilo zito zaidi katika barua yako, ingawa umelitaja kwa sentensi moja: maneno ya yule bibi. Amesema kweli. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya mwaka 2016, na sisi tuliokuja na mafaili yetu tumejaza mitaa ya Wagogo kwa namna ambayo mtoto wa hapa anaweza kulelewa kituoni mwaka mzima asisikie neno la Kigogo ila siku ya kikundi cha kukodi. Utamaduni wa mwenyeji usingoje tarehe 16 Juni. Uwepo katika uji wa uwele wa asubuhi, katika mlenda na ugali wa mtama siku moja ya juma, katika salamu ya Kigogo ambayo walezi wote wanaijua na kuitumia wanapompokea mtoto mlangoni, na katika nyimbo za kubembeleza ambazo bibi huyo bila shaka anazo nyingi. Mwalike yeye. Usimweke jukwaani, mpe kigoda kivulini, aimbe na watoto wamzunguke, na umlipe nauli na kifuta jasho kama ambavyo mngekilipa kikundi.

Muziki wa Kigogo ni hazina ambayo kituo cha Dodoma hakina sababu ya kuikosa. Muheme ni ngoma inayopigwa na wanawake, mpigaji akiibana ngoma katikati ya mapaja, na watoto wa kike na wa kiume wanaomtazama mpigaji huanza wenyewe kuigiza kwa kupiga madumu matupu. Kuna marimba ya vyuma yanayochezwa kwa vidole gumba, na kuna zeze. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki mwaka 2003, alivipiga vyombo hivi mpaka akasikilizwa Ulaya na kwingineko, na pia alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Wazazi waliohamia hapa kutoka mbali wangefurahi kuyajua hayo. Kwa watoto, kinachohitajika ni mpigaji mmoja mtaratibu, vyombo vinavyoruhusiwa kushikwa, na sauti isiyopasua masikio. Kikundi cha watu 12 wenye spika katika chumba kimoja kitawafanya wadogo walie.

Yule mama mlokole usimchukulie kuwa adui wa mila. Mwite faraghani, umuulize ni kitu gani hasa kinachomtia hofu. Mara nyingi utasikia kwamba anaihusisha ngoma na matambiko au na mafunzo ya jando na unyago, mambo ambayo kwa kweli hayana nafasi katika kituo cha watoto wadogo, na unaweza kumhakikishia hivyo bila kusitasita. Ukimwonyesha mapema nyimbo zitakazoimbwa, yaani za kubembeleza, za kutwanga, za mavuno, huenda akaridhika. Unaweza pia kumkumbusha kwamba katika makanisa mengi ya Ugogoni muheme na marimba husindikiza nyimbo za ibada, na hakuna anayeona ajabu. Kama bado hataki, basi hataki, na neno lake liheshimiwe.

Hapo ndipo penye swali lako la wazazi wanaokataa. Wapeni taarifa ya maandishi juma moja kabla, ikieleza nani anakuja, atafanya nini, watoto wataonja nini. Mzazi akikataa, mtoto wake asiambiwe abaki nyumbani siku hiyo, maana huko ni kumtoza faini kwa imani ya wazazi wake, wala asiwekwe pembeni peke yake akitazama wenzake. Mlezi mmoja awe na shughuli nyingine ya kupendeza nje, mchanga na maji kwa mfano, na watoto wengine wawili watatu waruhusiwe kujiunga nayo. Mtoto akiuliza kwa nini yeye yuko huku, ajibiwe kwa sentensi moja isiyo na hukumu: kwa mama yako mna desturi yenu, na leo wewe unacheza na maji. Familia ya Kihindu nayo iulizwe kama ingependa kushirikisha wengine Diwali, bila kuifanya iwajibike kuwakilisha watu wote wa dini hiyo. Zipo familia zinazopenda, na zipo zinazochoka kufanywa kielelezo. Wakikubali, michoro ya sakafuni ya unga wa rangi ni kazi nzuri kwa vidole vidogo, na taa za moto mziache.

Vazi la kabila sikubaliani nalo, na sababu umekwisha kuipata kwa yule mama Mgogo aliyeolewa na Mhaya. Watoto wengi wa Dodoma ya leo wangehitaji kuvaa mavazi mawili, au manne ukihesabu mabibi na mababu. Nchi yetu imejitahidi kutomwainisha raia kwa kabila lake katika fomu na ofisi. Itakuwa ajabu kituo cha watoto kianze. Isitoshe, watoto hujifunza kwamba Mmasai ni rungu na Mgogo ni kaniki, wakati jirani yao Mgogo ni daktari mwenye gari na koti jeupe. Badala ya kabila, ulizeni nyumba. Tayarisheni fomu fupi wakati wa kuandikisha: ni siku zipi ambazo familia yenu huziadhimisha, ni chakula gani ambacho mtoto hali, kuna wimbo, chakula au hadithi ambayo mngependa tuijue, kuna jambo ambalo msingependa tumshirikishe. Kutoka katika majibu hayo, na si kutoka katika kalenda ya ukutani, ndipo mpange mwaka wenu. Tarehe 16 Juni inaweza kubaki siku ya michezo. Siku hiyo inakumbuka watoto waliopigwa risasi Soweto mwaka 1976, habari ambayo mtoto wa miaka mitatu hana haja ya kuelezwa.

Mchango wa shilingi 30,000 ufuteni, na waliotoa warudishiwe. Mzazi anayeuza mboga Majengo na mtumishi wa wizara hawawezi kuitazama fedha hiyo kwa jicho moja, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa dini, kwa mila, kwa asili yake, na pia kwa hali ya kiuchumi. Mtoto anayetazama keki aliyokatazwa kwa kuwa baba hakulipa amebaguliwa, hata kama hakuna aliyekusudia. Sherehe ninazozieleza hapa zinahitaji unga, mafuta, matunda ya msimu, khanga zilizopo majumbani na muda wa wazazi wachache.

Juu ya vyakula na mapambo nina maonyo machache ambayo sitayafupisha, kwa kuwa sherehe ndiyo siku ambayo watu wazima hulegeza macho. Zabibu ni fahari ya Dodoma, lakini zabibu nzima ina umbo la kuziba koo la mtoto kabisa. Kwa walio chini ya miaka mitano ikatwe kwa urefu, vipande vinne, kila moja. Karanga nzima wasipewe, zisagwe, na kwanza muulize kama yupo mtoto ambaye mwili wake unazikataa. Maputo yaliyopasuka yaokotwe papo hapo, kwani kipande cha mpira kikimezwa kinaweza kumziba pumzi. Hina iwe ile ya majani. Piko, ile nyeusi ya kutia nywele rangi, isiguse ngozi ya mtoto hata kwa tone, kwa sababu kemikali yake inaweza kuunguza na kuacha malengelenge. Nyama, mkiamua kupika, inunuliwe kwa mchinjaji ambaye Waislamu wanamwamini, ili wote wale sufuria moja, na nyama ya nguruwe isiingie jikoni.

Mwisho, usimpelekee mkurugenzi mawazo haya yote kwa mara moja. Mwombe kibali cha mambo mawili tu kwa muhula huu: fomu ya familia, na asubuhi moja ya bibi na nyimbo zake. Yaandikeni katika utaratibu wa kituo, ukurasa mmoja unatosha, mkieleza wazi kwamba kituo hakiendeshi ibada na kwamba mzazi anaweza kukataa bila kutoa sababu. Nakala apewe kila mzazi, na nyingine iwekwe katika jalada ambalo afisa ustawi wa jamii hulikagua anapotembelea. Kikundi cha WhatsApp kibaki cha matangazo, walezi pekee ndio waandike. Kisha, kabla ya kumwalika bibi rasmi, muulize asubuhi ni saa ngapi humfaa, kwa kuwa msimu wa kilimo ukianza hutampata.